Ile Inhela ya Kahawia Niliyoiacha kwa Droo Miaka Miwili

Wengi wenu mnanijua kwa nguo. Mnaingia hapa kuona nimetoka Gikomba na nini, koti nimelipata kwa ngapi, nimelifua vipi, nimelivaa na nini. Leo hakuna nguo. Ama tuseme nguo ziko, lakini ndizo zilinipeleka hospitali, kwa hivyo wacha nianzie hapo.

Ilikuwa Julai mwaka jana. Kama unaishi Nairobi unaijua Julai. Jua linajificha wiki nzima, kila mtu ana marvin kichwani, na kila ploti ina jiko la makaa limewashwa hata kwa wale wenye gesi, kwa sababu baridi ni baridi. Niliamka saa kumi alfajiri niwahi beli ikifunguliwa. Wale mnauza mitumba mnajua: ukitaka kamera lazima uwe umesimama hapo kabla kamba haijakatwa. Ukifika saa tatu unaokota fagia. Kamba ikakatwa, watu wakarukia, na mimi nikarukia, simu mkono mmoja narekodi, mkono mwingine umeshika jaketi ambalo mama mmoja pia ameshika.

Vumbi la beli si vumbi la barabara. Hizo nguo zimefinywa pamoja miezi mingi, zimevuka bahari, zimekaa stoo, na siku zikifunguliwa zote zinapumua mara moja. Zilinipumulia usoni.

Nikapiga chafya kama mara kumi. Hiyo ni kawaida yangu, hata mashabiki wa zamani mnanitania nayo. Pua ikaanza kutiririka, macho yakawasha. Kawaida pia. Saa nne niko kwa mat narudi Kayole, kifua kikaanza kubana, nikatoa inhela yangu ya bluu nikapiga mbili. Ikatulia. Saa nane nikapiga mbili tena. Saa kumi na moja nikapiga nne. Kufika saa tatu usiku sikuwa nahesabu.

Kitu ambacho watu hawaelewi kuhusu pumu ni hiki: shida si hewa kuingia tu. Ile ya zamani inakataa kutoka. Unakuwa kama chupa iliyojaa na bado mtu anaimwagia maji. Mabega yanapanda yenyewe, shingo inavuta, na sentensi unaanza huimalizi. Mama alikuwa amekaa karibu nami hivi, mita moja, na ilibidi nimwandikie kwa simu. Neno moja: twende.

Tulienda na boda. Watatu, mimi katikati, mama nyuma amenishika mbavu kama anazuia nisimwagike. Sitasahau ile baridi ya Spine Road usiku.

Hospitali walinipa oksijeni, wakaniwekea ile mashine ya mvuke mara tatu, wakanipa vidonge. Baada ya kama saa mbili nikaweza kuongea. Ndipo yule afisa wa kliniki, ambaye sisi wote tunamwita tu daktari, akavuta kiti akaniuliza polepole, "Hii ya bluu unamaliza ngapi kwa mwaka?"

Nikajibu bila wasiwasi. "Moja kwa mwezi hivi. Wakati mwingine inaisha kabla."

Aliacha kuandika. "Na ya kahawia iko wapi?"

"Iko nyumbani. Kwa droo."

"Tangu lini?"

Tangu nimalize fomu foo. Miaka miwili. Nilikuwa nimepewa kliniki, nikaitumia siku nne, sikuona tofauti yoyote, na mama akasoma ile karatasi ya ndani akaona neno steroidi. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya inhela ya kahawia.

Sasa nisikilizeni. Mimi si daktari na sijifanyi. Lakini baada ya usiku ule nilisoma, nikauliza, nikasumbua watu wa kemisti, na kuna vitu ningependa mtu angeniambia nikiwa na miaka 17.

Ndani ya mapafu kuna mirija. Mtu mwenye pumu, mirija yake imevimba kidogo kwa ndani karibu kila wakati, hata siku anajisikia fiti. Imewaka, ina hasira, inasubiri tu kisingizio. Kikija kisingizio, kama vumbi, moshi, baridi, mafua, kombamwiko (ndiyo, vipande vya kombamwiko ni mzio mkubwa, na wacha tuseme ukweli kuhusu hizi keja zetu), vitu vitatu vinatokea pamoja. Misuli iliyozunguka mirija inajikaza. Ukuta wa ndani unavimba zaidi. Halafu makohozi mazito yanajaa pale pale palipobaki.

Ile ya bluu, salbutamoli, inafanya kazi moja: inalegeza misuli. Dakika chache tu na unasikia mlango umefunguka. Baada ya saa nne hadi sita nguvu yake imeisha. Uvimbe haijaugusa. Fikiria uko ndani ya nyumba na jiko la makaa linatoa moshi. Bluu ni kufungua dirisha. Unapata hewa, unasema asante Mungu, dirisha linajifunga, unalifungua tena. Mimi nilifungua dirisha mwaka mzima na sikuwahi kulitoa jiko nje.

Ya kahawia ndiyo inatoa jiko. Ndani yake kuna dawa za jamii ya kotikosteroidi: beklometasoni, budesonidi, flutikasoni na ndugu zao. Venye zinafanya kazi ndiyo ilinifanya nielewe kwa nini zile siku nne zangu zilikuwa bure. Hii dawa haigusi misuli kwa haraka. Inaingia ndani kabisa ya seli, inashikana na kipokezi chake, wanaenda pamoja hadi kwenye kiini, pale maagizo ya mwili yanapohifadhiwa, na kule inapunguza yale maagizo ya "leteni uvimbe, leteni askari wengine". Maagizo yakipungua, askari wanapungua, uvimbe unashuka, ukuta unatulia. Hiyo ni kazi ya siku na wiki. Ukitumia siku nne ukaangalia kama umepona ni kama umepanda sukuma Jumatatu na Alhamisi uko shambani na kisu.

Na kwa sababu huisikii ikifanya kazi, unaiona ya uongo. Bluu unaisikia, unaiamini. Halafu kuna doo. Bluu ningepata kwa kemisti yoyote mtaani, bila karatasi, bila swali, chini ya mia nne. Ya kahawia ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hiyo, na kemisti ya kwanza hawakuwa nayo, ya pili wakaniambia nirudi kesho. Kwa hivyo dawa inayozuia kifo ni ghali na haipatikani kirahisi, na dawa inayokufanya usione kifo kinakuja ni rahisi na iko kila kona. Hiyo kitu inanikasirisha hadi leo na sitaki kuipamba.

Mwaka 2019 lile kundi la kimataifa linalotoa miongozo ya pumu, GINA, lilibadilisha msimamo: watu wazima na vijana wenye pumu wasitibiwe kwa bluu peke yake tena. Kila mtu apate hiyo steroidi ya kuvuta kwa namna fulani, iwe kila siku, ama ndani ya inhela moja iliyochanganya budesonidi na fomoteroli, ambayo unaivuta ukibanwa na inafungua dirisha huku inatoa jiko. Miongozo yao inasema mtu akimaliza inhela 3 za bluu ama zaidi kwa mwaka, hatari ya kushambuliwa vibaya inapanda. Akifika 12, hatari ya kufa inapanda. Mimi nilikuwa wa 12. Nilikuwa naitaja kama mtu anataja bando.

Sasa hilo neno. Steroidi.

Kenya hii ukisema steroidi watu wanaona vitu viwili: jamaa wa jimu mwenye shingo kama gunzi, na mwanariadha aliyefungiwa. Hizo ni steroidi zingine, jamaa za testosteroni, za kujenga misuli. Hizi za pumu ni jamaa ya kotisoli, homoni ambayo mwili wako unatengeneza kila asubuhi kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Jina la ukoo linafanana tu, kama vile kuna Otieno wa benki na Otieno wa kinyozi. Na kwa wale mnakimbia: steroidi ya kuvuta, kwa kipimo cha kawaida, inaruhusiwa kwenye michezo. Ya vidonge na sindano ndiyo imekatazwa wakati wa mashindano bila kibali. Kwa hivyo mwambie daktari wako kwamba unakimbia, usiache dawa kimya kimya.

Lakini hapa lazima nimtetee mama yangu, kwa sababu hofu yake haikutoka hewani.

Nyanyake mdogo, dada ya bibi yake, alitumia vidonge vya prednisoloni miaka mingi. Vilikuwa vinamsaidia viungo, akawa anavinunua mwenyewe kila mwezi, hakuna aliyemfuatilia. Mama alikuwa msichana wakati huo na anakumbuka uso ulivyokuwa duara kama mwezi, ngozi ikawa nyepesi inachanika ovyo, sukari ikapanda, na siku moja akateleza tu bafuni nyonga ikavunjika. Mama aliposoma neno steroidi kwenye karatasi yangu hakuona inhela. Alimwona huyo nyanya.

Na hiyo ni historia ya dawa yenyewe, si ya familia yetu tu. Mwaka 1948, kule Mayo Clinic, Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni mwanamke mmoja ambaye baridi yabisi ilikuwa imemlaza kabisa. Siku chache baadaye alikuwa anatembea. Dunia ilichizi. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Nobel. Kisha watu wakaanza kuona bei ya ule muujiza: nyuso kuvimba, mifupa kulika, shinikizo la damu. Ilichukua miaka mingi watu wa dawa kupata ujanja ambao ukiusikia ni wa wazi kabisa: kama shida iko kwenye mapafu, kwa nini unamwagia mwili mzima? Ipeleke pale tu. Inhela ya beklometasoni ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1972.

Mama ana kiduka. Anauza sukari ya kumi, mafuta ya kupima, unga kwa gorogoro. Ukitaka kumshawishi usimletee maneno, mletee vipimo. Nikachukua karatasi. Nilipolazwa nilipewa prednisoloni miligramu 40 kwa siku, siku tano. Miligramu moja ni maikrogramu 1,000. Kwa hivyo siku moja ya vidonge ni maikrogramu 40,000. Inhela ya kahawia ya mtoto, pafu moja asubuhi na moja jioni, ni maikrogramu 200 kwa siku nzima. Gawanya. Siku moja ya vidonge vyangu ni kama siku 200 za kuvuta. Sio hesabu kamili ya kisayansi, kwa sababu hizo dawa nguvu zake hazilingani gramu kwa gramu, lakini inakuonyesha tunaongelea kijiko na gunia.

Aliangalia hiyo karatasi muda mrefu. Akasema, "Hao vidonge si walikupea na ukameza?"

"Ndiyo mama. Ndivyo vilinitoa pale."

"Na kila ukienda huko utapewa?"

Hapo ndipo alianza kuelewa, na sikuwa nimeipanga hivyo. Kila shambulio kubwa lina vidonge vyake. Mtu anayekimbia inhela ya kahawia kwa kuogopa steroidi anaishia kumeza steroidi nyingi zaidi, kwa haraka, usiku, hospitalini. (Na tukiwa hapa: baadhi ya krimu za kujichubua zinazouzwa bila lebo zina steroidi kali za ngozi. Kuna watu mnazipaka uso mzima kila usiku halafu mnaniambia inhela ni kemikali. Sitaji mtu.)

Sasa mnauliza kwa nini nilikuwa namshawishi mama wakati mimi tayari nilikuwa nimeitoa ya kwangu kwa droo. Ni kwa sababu ya kitindamimba wetu.

Ana miaka tisa. Miezi kadhaa alikuwa anakohoa usiku, saa nane, saa tisa, kikohozi kikavu cha kuendelea. Mchana yuko sawa. Mama alikuwa amejaribu kila kitu: tangawizi na asali, mafuta ya kondoo kifuani, Vicks, amoksilini mara mbili. Mwalimu akatuma ujumbe kwamba michezo anakaa chini ya mti. Tulikuwa tunasema huyu hapendi tu mpira. Nilipomlalia kifuani usiku mmoja nilisikia kile kifilimbi. Nakijua kama ringtoni yangu.

Kliniki wakasema pumu, wakaandika bluu ya kubanwa na kahawia ya kila siku. Mama akanunua bluu. Akarudi nyumbani, akaweka karatasi chini ya redio, akasema, "Huyu wangu hatakuwa mtu wa inhela. Huyu atapona."

Siku hiyo tuligombana vibaya. Nilimwambia kitu sikupaswa kumwambia mama yangu, kwamba ningekufa kwa sababu ya droo yake. Hakujibu. Alienda akafungua duka saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida na hakunisemesha hadi jioni. Nilimwomba msamaha, na bado najua nililisema.

Hesabu ya vijiko na gunia ilikuja wiki iliyofuata. Na hata baada yake alikuwa na swali moja, na lilikuwa swali zuri. "Itamzuia kukua?"

Ningeweza kumwambia hapana. Nilitaka sana kumwambia hapana. Lakini ukweli ni kwamba watoto wanaotumia steroidi ya kuvuta kwa muda mrefu wanaweza kupungukiwa urefu kidogo. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliwafuata watoto waliotumia budesonidi hadi wakawa watu wazima, na matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha tofauti ya sentimita 1.2 hivi. Nikamwambia hiyo namba. Akachukua rula ya mtoto kwa mkoba wa shule, akaiweka mezani, akaweka kidole chake pale kwa moja na nukta mbili. Akakaa hivyo.

"Basi leta," akasema.

Kulikuwa na shida ya mwisho. Mtoto hawezi ile kuvuta na kubonyeza kwa wakati mmoja. Hata wakubwa wengi hawawezi. Mimi mwenyewe nilikuwa nainyunyiza ulimini kumbe, ndio maana pia sikuona tofauti. Dawa ikigonga koo na ulimi haifiki mapafu, na inaweza kukuletea utando mweupe wa fangasi mdomoni na sauti ya kukwaruza. Ndiyo maana unahitaji spesa, kile kichupa cha katikati kinachoshika dawa hewani mtoto aivute taratibu, pumzi tano sita kwa kila pafu. Ya dukani ilikuwa imetushinda mwezi huo. Lakini mwaka 1999 daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti kwenye jarida la Lancet: walipima chupa ya plastiki ya soda, mililita 500, iliyotobolewa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri, wakakuta inafanya kazi sawa na spesa ya kununua kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa ya soda, wasee. Tulitengeneza moja, nikaipeleka kliniki sista akaikagua, akabonyeza kingo, akasema fungeni hapa tena kwa gundi. Mwezi uliofuata tukanunua ya kawaida. Ile ya chupa bado iko, ndugu yangu amechora macho juu yake.

Kuhusu pua, niseme haraka kwa sababu mnaniuliza sana. Pua na mapafu ni barabara moja, na watu wengi wenye pumu wana mzio wa pua pia. Mimi miaka yote nilikuwa natumia Piriton. Inakausha kweli, lakini ilikuwa inanilaza kwa lekcha mdomo wazi. Kuna za kisasa kama setirizini ambazo hazilazi sana. Ila kama pua yako imeziba wiki baada ya wiki, steroidi ya kunyunyiza puani ndiyo inafanya kazi vizuri zaidi, na ni jamaa wale wale: flutikasoni, mometasoni, budesonidi. Elekeza kwa nje, upande wa sikio, usielekeze kwa ule ukuta wa katikati, utatoa damu. Ipe wiki moja ama mbili. Na usiichanganye na yale matone ya kuzibua pua hapo hapo. Yale ukizidisha siku chache pua inaziba kuliko mwanzo na unabaki mtumwa wake.

Nimepona? Hapana. Pumu haiponi kwa dawa hii, inatulizwa. Bluu iko kwa mkoba wangu sasa hivi nikiandika. Ila ile niliyonunua Desemba bado inacheza ndani, ina dawa. Gikomba naenda na barakoa, zile nzito, na wale wauzaji wananiita daktari. Ya kahawia nasukutua mdomo nikimaliza, natema. Na kama bluu haifikishi saa tatu ama nne kabla ubanwe tena, ama huwezi kumaliza sentensi, usifanye nilichofanya mimi, usikae unarudia dirisha hadi usiku. Nenda hospitali ikiwa bado unaweza kupanda boda vizuri. Halafu kama uko kwa inhela ya kahawia na umejisikia fiti miezi miwili, hiyo ndiyo dawa ikifanya kazi. Kupunguza ni mazungumzo na daktari. Droo haina shahada.

Inhela yetu ya mtoto haina kihesabio, ile dirisha ndogo ya namba. Ina pafu 200, na zikiisha bado inatoa hewa tu ya kupuliza, unaweza kudhani unavuta dawa kumbe unavuta upepo. Kwa hivyo mama anahesabu. Anahesabu mahali anapohesabia kila kitu, kwenye daftari ya madeni ya duka. Katikati ya mama wa mlango wa nne anayedaiwa unga na kiberiti, na fundi wa viatu anayedaiwa mkate tangu Jumapili, kuna ukurasa wa kitindamimba, vimistari vinne na kimoja cha kukata, vinne na kimoja cha kukata. Jana ilifika 61.

Asubuhi anavuta, anakimbia nje kwa mfereji wa ploti kusukutua. Ameufanya mchezo sasa, anaona atatema hadi wapi. Leo alifika kwa nguo za mtu. Mama alikuwa anapiga kelele hadi barabarani, na yeye anacheka akikimbia, anakimbia ile ya kweli, hadi kona ya ploti na kurudi.